Kinga ya okazioni: tumpime mtu kabla ya kupima bei

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama waliojiandikisha kwa mkopo wa kinga. Tunayaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa faida ya wale ambao hawakufika na ya wafadhili wetu wa mbali.)

 Ninyi wafadhili ambao mtayasoma haya baadaye katika jarida, kuna neno lenu ndani.

Tumeombwa tuzungumze juu ya kinga ya okazioni, ile ambayo imekwisha kupandwa na mtu mwingine kabla yako. Mwenyekiti amekwisha eleza mambo ya mkopo na siku za kurudisha, hatutarudia. Sisi watu wa tereni tunachotaka ni jambo moja: kila mtu atakayetoka hapa na pesa ya mfuko wetu mkononi ajue kuchagua kinga inayomkaa mwilini. Hatusemi kinga nzuri, tunasema kinga inayomkaa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Tunasema hivi kwa sababu ya yale tunayoyaona njiani. Tukipita kwenye Barabara ya Taifa namba 5, kutoka Uvira kushuka mpaka Baraka na kupanda Fizi, tunakutana na watu wengi ambao wana kinga lakini wanatembea kwa miguu pembeni yake. Mwingine amebeba mzigo mkubwa, huyo ana haki ya kusukuma. Lakini mwingine hana mzigo wowote. Ukimwuliza, anakujibu: "Goti inaniuma," ao "Mugongo haiwezi." Kinga ni nzima kabisa, mtu ndiye anayeumia. Na kinga ambayo haipandwi haifiki sokoni mapema, haileti franga, na mkopo haurudi. Mfuko wetu ni mdogo. Mkopo mmoja usiporudi, mwenzako aliye nyuma kwenye orodha anangoja msimu mwingine wa mihogo.

Kwanza tusikilizane kwa maneno, kwa kuwa hata hapo watu wanapoteza pesa. Wengi wetu tumekulia Tanzania. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na meli za kurudisha watu kwa hiari kutoka Kigoma hadi Baraka zilianza 2005. Ukihesabu, utaona kuna vijana hapa ambao walijifunza kupanda na hata kutengeneza wakiwa kambini. Hao wanasema baiskeli, fremu, mnyororo, usukani. Ukifika kwa fundi wa Uvira, yeye anasema kinga, kama ndugu zetu wa Burundi wanavyosema ikinga, na vipande vyake anaviita kwa Kifaransa: kadre, sheni, gido. Ukisema "karia", anakuangalia tu. Yeye anajua portabagaji. Basi usione haya. Onyesha kitu kwa kidole, mguse pamoja, ndipo muongee bei. Muuzaji akisikia Kiswahili chako ni cha Kigoma anafikiri wewe ni mgeni, na bei inapanda papo hapo.

Swali la kwanza, kabla hata ya kwenda sokoni: hii kinga utaipanda ao utaisukuma? Usicheke, swali lina maana. Kama kazi yako ni kupeleka gunia mbili za mihogo ao madumu ya mawese, na wewe unatembea pembeni umeshika usukani, basi tafuta ile nyeusi nzito tunayoijua wote, Phoenix ya China ao Hero na Avon za India, yenye magurudumu ya 28 na portabagaji ya chuma. Hiyo ni mnyama wa mzigo, na vipande vyake vinapatikana hata kijijini. Kwa kazi hiyo urefu wa miguu yako hauna neno kubwa. Lakini kama utaipanda, wewe mwalimu, wewe mjumbe wa afya, wewe mama unayepeleka ndagala kidogokidogo na kurudi siku hiyohiyo, hapo mwili wako ndio unaoamua.

Sokoni utakuta aina tatu. Ya kwanza tumekwisha isema. Ya pili ni ile ya matairi mapana ya 26, ambayo watu wanaiita ya milima. Ya tatu ni ile nyepesi ya Bulaya, ya mbio, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Hii ya tatu inawavuta sana vijana. Ni nyepesi kweli, unaweza kuiinua kwa mkono mmoja, na muuzaji anajua hivyo. "Inua, ndugu, sikia vile iko nyepesi! Hii njo Bulaya yenyewe." Sisi hatusemi usinunue. Tunasema angalia vitu vitatu.

Angalia nafasi ya tairi. Nyingi za mbio zimetengenezwa kwa tairi nyembamba ya milimita 23 ao 25, inayotaka hewa nyingi mpaka iwe ngumu kama jiwe. Kwenye lami ya Bujumbura itakwenda kama upepo. Kwenye mawe yetu itapiga mikono, mgongo na rimu mpaka kimoja kikubali kushindwa. Ingiza kidole chako cha kati kati ya tairi na foku, kisha kati ya tairi na breki. Kama kidole hakipiti, hakuna nafasi ya kuweka tairi pana, iache. Kidole kikipita vizuri, fundi anaweza kukuwekea tairi ya 32 ao ya 35, na hapo una kinga nyepesi inayovumilia vumbi. Zile za zamani za safari, zenye madigadi na nafasi kubwa ya matairi, mara nyingi zinafaa kuliko zile za mbio kabisa, ingawa hazing'ai.

Angalia pia meno ya mbele. Yakiwa makubwa sana na ya nyuma madogo, mlima na mzigo vitakushinda. Na usukani ule wa pembe: ukitaka kuweka ulionyooka, ujue kwamba mikono ya breki nayo inabadilishwa, na mara nyingine shingo ya usukani pia. Hiyo ni pesa. Iulize kabla, usiiulize baada.

Sasa tuje kwenye mwili. Hapa tutakaa kidogo.

Vua viatu, simama mgongo ukutani, miguu imeachana kidogo. Chukua kitabu chenye jalada gumu, kiweke kati ya mapaja, kipandishe mpaka kikae imara pale ambapo kiti cha kinga kingekaa. Mwenzako apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu mpaka chini. Kwa mama zetu, mama mwenzake apime, ndani ya nyumba. Hiyo haina mjadala. Tuseme umepata sentimita 80. Andika namba hiyo kwenye karatasi, ni yako mpaka uzee.

Namba hiyo inakupa mambo mawili. Jambo la kwanza: bomba la juu la fremu lisiwe na kimo cha kukuzuia kusimama. Pima kwa futi kutoka chini mpaka juu ya bomba hilo. Kama mguu wako ni 80, bomba lisizidi 77 ao 78. Ng'ombe akikatiza ghafla unashuka na miguu yote miwili, na kama bomba liko juu kuliko wewe, wanaume hapa wanajua kitakachotokea. Zile nyeusi za 28 zinakuja na fremu za inchi 22 na 24, yaani karibu sentimita 56 na 61, na ya 24 ni ndefu kwa watu wengi wetu. Watu wanainunua kwa sababu inaonekana ya kiume. Kisha wanaipanda wakiyumba kulia na kushoto, kiti kimeshushwa mpaka mwisho, na bado vidole vya miguu vinatafuta pedali. Kwa zile za Bulaya za mbio, zidisha namba yako kwa 0,65: themanini inakupa 52. Fremu ya 52, ao iliyo karibu sana na hapo, ndiyo ya kutafuta.

Jambo la pili ni kimo cha kiti. Zidisha namba yako kwa 0,88. Themanini inakupa 70 na kidogo. Hizo ndizo sentimita kutoka katikati ya ekseli ya pedali, pale chini kwenye fremu, mpaka juu ya kiti. Ni hesabu iliyotoka kwa watu wa mbio, kwa hiyo mwenye kubeba mtoto ao mzigo nyuma, na ambaye anataka kuweka mguu chini mara kwa mara, ashushe sentimita moja ao mbili. Huna futi? Kaa juu ya kiti, mwenzako ashike kinga, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukianza kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, kama inavyotakiwa, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ni sawa.

Wengi wetu tunapanda na kiti chini mno. Ni desturi, kwa sababu mtu anaogopa kuanguka. Lakini goti linalouma upande wa mbele, mara nyingi sababu ni hiyo. Likiuma upande wa nyuma, kiti kiko juu mno. Tunamjua mzee mmoja wa chama hiki, hatumtaji jina, aliyekuwa amekwisha tangaza kuuza kinga yake kwa sababu ya magoti. Fundi alimpandishia kiti sentimita nne tu, kidogokidogo kwa siku kadhaa ili mwili uzoee. Kinga haijauzwa mpaka leo, na mzee yuko hapa anatuangalia.

Lakini sikilizeni jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kimo kinarekebishika, urefu wa kwenda mbele haurekebishiki kirahisi. Kiti kinapanda na kushuka. Kutoka kiti mpaka usukani, hapo umefungwa na fremu. Mtu anaona kinga ni ndefu kwake, anasukuma kiti mbele kabisa ili afikie usukani, na kwa kufanya hivyo anaharibu goti. Kiti kina mahali pake. Zungusha pedali mpaka zilale sawasawa, moja mbele moja nyuma, kisha shusha kamba yenye jiwe dogo kutoka mbele ya goti. Jiwe lianguke karibu na ekseli ya ile pedali ya mbele. Kiti kikae hapo, na ndipo uulize: je, nafika kwenye usukani viwiko vikiwa vimelegea? Naweza kuzungumza na mtu bila kuinua shingo kama kobe? Kama mikono imenyooka kama fimbo, hiyo kinga ni ya mtu mwingine. Shingo fupi ya usukani inaweza kukuokoa sentimita mbili ao tatu, si zaidi. Tukilazimika kuchagua, sisi tunachagua fremu iliyo fupi kidogo kuliko iliyo ndefu kidogo.

Mama mmoja wa upande wa Mboko alinunua ya mbio, bluu, nzuri ya kupendeza. Kila akipanda, mikono inakufa ganzi kabla ya kufika sokoni. Watu wakamwambia ni damu, wengine wakasema ni uchawi wa mwenye kinga wa kwanza. Kumbe alikuwa amelala juu ya usukani na uzito wake wote uko kwenye viganja. Ile kinga sasa anaipanda kijana wake mrefu bila shida yoyote. Uchawi umeishia hapo.

Kwa mama zetu bado kidogo. Mwenye kikwembe anahitaji fremu iliyoshuka katikati, na isiwe aibu kuitafuta. Kiti kiwe kipana cha kutosha mifupa miwili ya kukalia ikae juu yake, isining'inie pembeni, na pua yake isielekee juu. Kiti kilichoinua pua kinaleta maumivu ambayo watu wanayaficha, wanaume kwa wanawake, na wanayabeba mpaka wanaacha kupanda. Dawa yake ni spana moja na dakika mbili.

Tukimaliza mwili, ndipo tuitazame kinga yenyewe. Nenda na fundi wako, usiende na fundi wa muuzaji. Pitisha kidole chini ya rangi pale mabomba yanapokutana, hasa nyuma ya shingo ya mbele. Mkunjo mdogo ao rangi iliyopasuka hapo ni alama ya kinga iliyogonga kitu. Rangi mpya sana itie wasiwasi. Shika breki ya mbele, sukuma mbele na nyuma: ikigonga "tok tok", shingo imelegea ao imeliwa. Shika kranki, itikise kushoto na kulia. Zungusha magurudumu na uangalie kama yanacheza kati ya raba za breki. Mnyororo unapimwa kwa futi: kutoka pini moja, hesabu pingili 24 ndogo, ukiwa mpya ni sentimita 30,5. Ukifika karibu 30,8 umekwisha, na mara nyingi umekwisha kula meno pia, kwa hiyo unanunua vyote viwili.

Kisha mwambie muuzaji apandishe kiti, pale pale, mbele yako. Bomba la kiti likiwa limekwama ndani ya fremu, acha. Hapa hatuna mjadala, hata kama bei ni ya bure, kwa sababu kinga hiyo imekaa kwa kipimo cha mwenye zamani na haitabadilika. Likipanda, tafuta alama iliyochorwa kwenye bomba: alama hiyo isionekane nje ukiisha kuweka kimo chako, la sivyo bomba litavunjika ao litapasua fremu.

Na matairi. Watu wanasema "28" ao "26" na kufikiri imetosha. Haitoshi. Soma ubavuni namba yenye tarakimu tatu za mwisho. Phoenix na wenzake ni 635. Za mbio za Bulaya ni 622, ingawa nyingine zimeandikwa 28 vilevile. Tofauti ni milimita 13, ndogo kwa macho, lakini tairi ya 622 haitaingia kwenye rimu ya 635, na ya 635 itachomoka kwenye ile ndogo. Za milima ni 559, na kuna 26 nyingine ya zamani ambayo ni 590. Kabla ya kulipa, andika namba, pita kwa wauza vipuri wawili, uliza kama ipo. Kama hakuna mwenye tairi yako Uvira wala Baraka, kinga hiyo itakufa na tundu la kwanza kubwa.

Usimalize pesa yote kwenye kununua. Kamati imekubali kwamba sehemu moja ya tano ya mkopo inabaki kwa katibu mpaka fundi aseme kinahitajika nini: raba za breki, tyubu, mafuta, kiti kingine. Na ununuzi uandikwe, mashahidi wawili, mkubwa wa avenyu ajue. Kinga ya okazioni isiyo na karatasi, siku moja mwenyewe anaitambua sokoni, na wewe unalala polisi.

Sasa neno letu kwa wafadhili. Tunawashukuru, na hatusemi kwa kudharau. Kinga zinapokuja kutoka kwenu, nyingi ni nzuri. Lakini zikija bila vipimo tunazigawa kama nguo: aliye wa kwanza anachukua inayong'aa. Mrefu anapata ya mtoto, mfupi anapata ya mrefu, na baada ya miezi mitatu zote mbili ziko chini ya mti. Kuanzia sasa tutawatumia orodha: kwa kila mwanachama urefu wa mguu, mwanamume ao mwanamke, kupanda ao kusukuma, na uzito wa mzigo. Mkiwa na kinga inayolingana, leteni. Mkiwa na ya mbio yenye tairi nyembamba na isiyopitisha kidole, iuzeni huko kwenu na mtume bei yake. Hapa itanunua tairi mbili, mnyororo na kazi ya fundi kwa kinga iliyopo tayari. Na mkiweza, ongezeni tairi za 622 pana, kwa kuwa ndizo zinazotushinda kupata.

Kupima kutafanyika Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, hapa hapa. Tutakuwa na futi, kitabu kigumu, kamba na jiwe, na kinga tatu za kujaribia. Chumba cha nyuma ni cha mama zetu, na wanaopima huko ni mama wawili wa kamati. Kila mtu aje na viatu anavyopandia kila siku, siyo vya kanisani. Mwenye kinga tayari inayomuumiza aje nayo pia, hata kama hakuomba mkopo. Majina yaandikwe kwa katibu kabla ya Ijumaa jioni.